Nina gari, foleni inanimaliza, na baiskeli nayo imenishinda

SWALI

Habari za kazi, ndugu washauri.

Naishi Sinza na ofisi yetu iko Posta. Nina Toyota IST, na siku za kazi inabeba mtu mmoja tu, mimi mwenyewe. Watoto wangu wawili huchukuliwa na basi la shule. Mume wangu yuko kikazi Dodoma na hurudi mwisho wa mwezi. Ili nifike ofisini saa 2 asubuhi inabidi niwe nimeshatoka nyumbani kabla ya saa 12. Nikizubaa kidogo, foleni ya Shekilango inanimeza na nyingine inanisubiri Magomeni. Jioni ndiyo usiseme: nafika watoto wameshakula, na sina hata nguvu ya kukagua madaftari yao. Nimepiga hesabu ya mafuta na maegesho, nikaona nafanya kazi ili nilihudumie gari.

Nikanunua baiskeli ya mtumba Kariakoo, zile za Kijapani zenye kikapu mbele, madigadi, na kufuli dogo kwenye gurudumu la nyuma. Haina gia. Nilidhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza naanza.

Upepo haukai. Najaza jioni, asubuhi tairi liko chini. Fundi wa mtaani ameweka viraka hadi akachoka, akabadilisha tyubu, na bado. Tairi limeandikwa 26 x 1 3/8, lakini boksi la tyubu aliyoniwekea lilikuwa na 26 x 1.95. Nilipomuuliza akasema 26 ni 26. Magoti nayo yananiuma, mbele pale kwenye pia ya goti. Nafika ofisini mgongo wote umelowa jasho, na kazi yangu ni ya kukaa na wateja. Manzese bodaboda wanapita kwenye njia ya baiskeli kwa kasi, wengine wakija uso kwa uso. Juzi nimeponea chupuchupu. Na masika yakija Jangwani ikajaa, nitapita wapi?

Kubwa kuliko yote, mama mkwe amekuja kukaa nasi. Ameniambia wazi kwamba mke wa mwanawe hawezi kuonekana ananyonga baiskeli barabarani wakati gari liko uani. Anasema watu watajua tumefulia.

Niuze gari nijilazimishe, au niuze baiskeli nikubali yaishe?

Nimechoka na Foleni, Sinza

JIBU

Dada, pole sana. Usiuze gari, na baiskeli usiiuze pia. Mambo mawili kati ya uliyoyataja, upepo na magoti, yanamalizika Jumamosi moja kwa fundi. Jasho na bodaboda yanataka kubadilisha saa na namna ya kupita. Mama mkwe na gari tutawafikia.

Tuanze na upepo, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa na baiskeli ikaishia kuanikwa nguo. Ukiyasoma maelezo yako vizuri, dalili zinaonyesha kuwa pancha za kweli kwako ni chache. Una kasoro mbili zinazojifanya pancha.

Ya kwanza ni tyubu. Fundi wako amekosea: 26 si 26. Tazama ubavuni mwa tairi, karibu na yale maandishi ya 26 x 1 3/8, utaona namba nyingine ndogo, 37-590. Ile 37 ni upana wa tairi kwa milimita, na 590 ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Tairi la 26 x 1.95, la baiskeli za milimani, ni 559. Zinatofautiana milimita 31, kwa hiyo tairi la moja haliwezi kukaa kwenye rimu ya nyingine hata ulipige nyundo. Tyubu, kwa kuwa ni mpira, inakubali kulazimishwa, na hapo ndipo fundi anapodanganyika. Tyubu ya 1.95 imetengenezwa ijaze tairi la upana wa milimita 50 hivi. Ukiiingiza kwenye tairi la 37 inazidi, inajikunja ndani. Penye mkunjo mpira unasuguana wenyewe kwa wenyewe kila gurudumu linapozunguka, na mwishowe unachanika. Ukiitoa hukuti msumari wala mwiba, unakuta mchaniko mwembamba kwenye alama ya mkunjo. Fundi anabandika kiraka, mkunjo unarudi palepale, nawe unarudi kwake kesho.

Kasoro ya pili ni valvu. Baiskeli nyingi za Kijapani zina valvu yenye nati ya mviringo inayokazwa kwa vidole, na ndani yake kuna kipini kilichovikwa mpira mwembamba sana. Mpira huo ndio unaozuia upepo usirudi nje. Joto linaukausha, unapasuka au unashikamana na kipini, na upepo unatoka taratibu usiku kucha. Jaribio lake ni rahisi: jaza upepo, kisha paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Yakitoa mapovu, tyubu ni nzima; kinachotakiwa ni kampira kale tu, na fundi yeyote mwenye uzoefu wa baiskeli za mtumba anako.

Hata hivyo, wewe usihangaike na kampira. Nunua tyubu mpya mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba, za 26 x 1 3/8 zenye valvu ya gari. Tundu la rimu yako linaipokea valvu hiyo bila kutobolewa upya, na kuanzia hapo utaweza kujaza kwenye kituo cha mafuta na kupima kwa geji. Angalizo: mashine za vituoni zina nguvu. Bonyeza kidogo, acha, pima. Kiwango cha juu kimeandikwa ubavuni mwa tairi; kwa tairi za aina yako mara nyingi ni kPa 300, yaani psi 43 na ushee. Usizidishe, lakini usipungukiwe sana pia, maana tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wa shimo hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba. Pima kila Jumapili.

Wakati wa kuvalisha, simama karibu na fundi. Atoe tairi lote, kisha apitishe kitambaa ndani yake polepole, mzunguko mzima. Kitambaa kikinasa, hapo kuna waya. Nyuzi za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka ndizo adui mkubwa kwenye barabara kuu: ni nyembamba kiasi kwamba jicho linazipita, na ukiuacha hata mmoja utatoboa tyubu mpya siku hiyohiyo. Ung'olewe kwa koleo. Halafu mtazame rimu: utepe wa mpira uliozunguka ndani ufunike vichwa vyote vya spoki. Kama umekatika au umehama, hapo kuna pancha nyingine inakusubiri, na hiyo hutokea upande wa ndani wa tyubu. Tyubu iingie ikiwa na upepo kidogo wa kuipa umbo. Tairi limaliziwe kwa vidole gumba. Fundi akichukua bisibisi kumalizia, mzuie. Bisibisi ndiyo inayotoboa tyubu mpya kabla hujatoka kibandani.

Magoti. Maumivu ya mbele, kwenye pia, kwa kawaida yanatokana na kiti kilicho chini mno. Wauzaji hushusha kiti hadi mwisho ili mnunuzi akanyage chini kwa nyayo zote mbili na kujiona salama. Ukinyonga hivyo, goti linabaki limekunjwa hata pedali ikiwa chini kabisa, na mzigo wote unaangukia hapo. Kaa kwenye kiti ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, kama inavyotakiwa unaponyonga, goti litakuwa limepinda kidogo tu. Pandisha sentimita 2, endesha siku chache, pandisha tena. Bomba la kiti lina mstari uliochorwa. Mstari huo usionekane nje, maana bomba likipanda zaidi linaweza kuvunja fremu. Ukifika kwenye taa utalazimika kushuka mbele ya kiti na kukanyaga chini kwa mguu mmoja. Mwanzoni inatisha, baadaye utaizoea.

Kama mlima wa kutoka Jangwani kwenda Magomeni jioni bado unakutesa, muulize fundi kuhusu gia ya nyuma. Baiskeli za aina yako aghalabu zina meno 14 nyuma. Ukiweka ya meno 16, mkanyago unakuwa mwepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na unachopoteza ni kasi kidogo kwenye tambarare, kasi ambayo Manzese wala huna haja nayo. Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa pingili, kwa hiyo kazi hizo mbili zifanyike pamoja. Kabla ya hapo mwambie fundi apime mnyororo wenyewe kwa rula: pingili 12 kamili (kila moja ni jozi, ya ndani na ya nje), pini hadi pini, ni sentimita 30.5 ukiwa mpya. Ukifika 30.8 umekwisha, na umeshakula meno ya gia pia. Badilisha vyote viwili.

Mafuta ya mnyororo yawe oili mpya ya injini, tone moja kila pingili, ukishamaliza ufute kwa kitambaa hadi nje pawe pakavu. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina masizi na chembe za chuma zinazosaga. Mafuta ya kupikia yanaganda. Baiskeli yako inalala Sinza lakini inashinda Posta, karibu na bahari, na chumvi ya hewani haina huruma na chuma kikavu, kwa hiyo fanya hivyo kila wiki.

Breki: chukua sumaku ndogo uiguse kwenye rimu ya mbele. Ikishika, rimu ni ya chuma, na breki za mpira juu ya chuma kilicholowa zinachelewa mno kukamata. Siku ya mvua anza kubana breki mapema sana. Mibano ya kwanza inafuta maji tu, ndipo inayofuata inakamata. Kama sumaku haishiki, hali ni nafuu. Breki ya nyuma kwenye baiskeli hizi imefungiwa ndani ya kikombe na hupiga kelele. Mtu akikushauri uitie oili ili inyamaze, kataa. Itanyamaza, na haitashika tena.

Sasa barabarani. Kutoka kwako hadi Posta ni kama kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa baiskeli isiyo na gia, ni dakika 43 hivi. Ukitoka saa 12 na nusu unafika saa 1 na robo. Kwa gari unatoka kabla ya saa 12. Tafadhali lipime hilo kwa utulivu, kwa sababu ndilo linaloipa baiskeli nguvu kwenye mji huu: muda wake haubadiliki sana, iwe Jumatatu au Ijumaa, kuwe na ajali Magomeni au kusiwe nayo.

Safari ya kwanza ya kujifunza njia ifanye Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu. Ndani ya Sinza tumia mitaa ya ndani, uiache Shekilango hadi pale unapolazimika kuitumia. Ukifika Barabara ya Morogoro, ingia kwenye njia ya baiskeli iliyo upande wa kushoto unapoelekea mjini, hata kama ya upande wa pili inaonekana nyeupe. Dereva anayetoka kwenye kituo cha mafuta au barabara ya mtaani anaangalia kule magari yanakotokea. Ukija kutoka upande wa pili, hakuoni mpaka umeshafika kwenye boneti.

Njia hizo zilijengwa pamoja na mwendokasi awamu ya kwanza, ambao mabasi yake yalianza kazi mwaka 2016. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mradi huo, ikiwa jiji la kwanza Afrika kuipata. Inauma kwamba baadaye sehemu ya njia ile ile ikaachiwa pikipiki na magari yanayoegeshwa. Haki ya kupita pale ni yako, na tunasema hivyo tukijua haki hiyo haitakulinda na pikipiki inayokuja kasi. Kwa hiyo Manzese fanya hivi. Pita mapema, kabla vijiwe vya bodaboda havijachangamka. Funga kioo cha pembeni upande wa kulia wa usukani, uone anayekuja nyuma bila kugeuka. Nyoosha mstari wako: bodaboda anakwepa vizuri akijua utakuwa wapi, na ajali nyingi za namna hiyo hutokea baiskeli inapoyumba ghafla kukwepa kitu. Piga kengele mapema, usisubiri umkaribie mtu. Na pale penye msongamano kabisa, shuka ukokote. Mita 300 za kukokota zinakugharimu dakika mbili au tatu tu.

Kuna mtego mmoja: njia ya mabasi ya mwendokasi inakuwa wazi, laini, na inavutia. Usiingie hata kwa mita 50. Mabasi yale marefu yana mita 18, kusimama kwake kunachukua umbali, na kingo za zege pembeni hazikupi pa kukimbilia.

Daladala likiwa kituoni usilipite kushoto. Mlango uko huko, na abiria anashuka bila kuangalia nyuma. Lori lililosimama kwenye taa usikae ubavuni mwake wa kushoto. Likikata kona, dereva hakuoni na gurudumu la nyuma linapita ndani zaidi kuliko la mbele. Kaa nyuma yake au mbele kabisa anapokuona. Magari yaliyoegeshwa yape nafasi ya mita moja kwa ajili ya mlango unaofunguka. Magomeni, na kila makutano makubwa unapotaka kukata kulia, vuka kama mtembea kwa miguu: nenda moja kwa moja hadi ng'ambo, geuza baiskeli, ngoja taa ya upande huo. Ukifika kituo cha Fire, badala ya kung'ang'ania barabara kubwa hadi katikati ya mji, ingia mitaa ya Upanga na ushukie Posta kupitia huko. Inaongeza mita chache, na ina kivuli.

Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima hata asubuhi, kwa sababu Juni na Julai jua la Dar huchomoza kama saa 12 na nusu, na jioni ofisi zikifungwa giza haliko mbali. Vaa helmeti na kizibao cha reflekta. Sketi au gauni havina shida, fremu yako ni ya kike na mnyororo una kifuniko. Hatari ni pindo la khanga au mtandio mrefu kuingia kwenye spoki za nyuma, basi vifunge kabla ya kupanda.

Jasho tunalijua, hasa Desemba hadi Machi, na hewa ya Dar ina unyevu kiasi kwamba jasho halikauki lenyewe. Jambo la kwanza ni mgongo: ondoa begi. Begi la mgongoni ndilo linalokulowesha kuliko kunyonga kwenyewe. Mzigo uende kwenye karia. Angalia chuma cha karia, baiskeli nyingi za Kijapani zimegongwa namba 18, 25 au 27, na hizo ni kilo zinazoruhusiwa. Kikapu cha mbele kisizidi kilo 3 hivi, ukizidisha usukani unakuwa mzito kwenye kona. Pili, kilomita ya mwisho iende polepole kabisa. Tatu, na hili wengi hulikosea, usibadili nguo mara tu ufikapo. Mwili unaendelea kutoa jasho dakika 10 hadi 15 baada ya kusimama, na ukivaa blauzi safi papo hapo nayo italowa. Kaa kwenye upepo, kunywa maji, kisha ingia msalani na kitambaa kilicholoweshwa: uso, shingo, kwapa, mgongo. Ndipo uvae. Viatu vya ofisini, losheni na blauzi mbili za akiba viishi kwenye droo. Utavipeleka siku unapokwenda na gari.

Kuhusu wizi: lile kufuli dogo la gurudumu la nyuma linazuia mtu asiipande baiskeli, lakini halimzuii kuibeba begani. Nunua kufuli zito la chuma lenye umbo la U, lipitishe kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma na kitu kisichong'oka. Ongea na mlinzi wa jengo mapema, kwa heshima, akuonyeshe mahali anapopaona akiwa amekaa. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini ya mhimili wa pedali au kwenye bomba la kiti, ipige picha ibaki kwenye simu.

Kuhusu mama mkwe, ushauri wetu ni kwamba usibishane naye. Mume wako aongee na mama yake, kwa simu au akirudi mwisho wa mwezi, kwa sababu neno hilo likitoka kwako litasikika kama ubishi wa mkwe. Aseme kwamba jambo hili mmelipanga ninyi wawili, yeye na wewe. Nawe mpe mama kitu cha kushika: fedha. Tupige hesabu. Safari yako kwenda na kurudi ni kilomita 20. IST kwenye foleni, tuseme inakwenda kilomita 10 kwa lita. Hizo ni lita 2 kwa siku. Bei ya kikomo ya petroli hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa hesabu tuchukue shilingi 3,000 kwa lita. Ni 6,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 132,000, bila maegesho wala matengenezo. Ukinyonga siku 3 kwa wiki, siku kama 13 kwa mwezi, unabakiza 78,000 ya mafuta peke yake. Iweke kando palepale kwa jina la ada ya wajukuu, na mama ajue hivyo. Inawezekana pia kwamba aibu anayoisema imefunika woga. Kama amewahi kuona ajali, ana sababu. Mwonyeshe taa, helmeti, reflekta, mweleze unapita wapi, na mtumie ujumbe ukifika.

Siku 3 tumezichagua kwa makusudi. Wanaoanza na siku 5 wengi huacha, kwa sababu siku ya kwanza ya uchovu au mvua inaonekana kama kushindwa. Siku mbili zako za gari zibebe kila kinachohitaji gari: mkutano wa mbali, manunuzi makubwa, kupeleka mtoto hospitali, kubeba nguo za ofisini. Gari lako halina tatizo. Linaitwa kwa safari zisizolihitaji. Weka daftari dogo ndani yake na uandike kila safari: ulikwenda wapi, ulibeba nini, mlikuwa wangapi. Baada ya miezi 6 lifungueni pamoja na mume wako. Mkikuta safari zinazohitaji gari ni za wikiendi tu, linganisheni gharama za kumiliki, yaani bima, matengenezo na thamani inayoshuka, na gharama ya kuita teksi kwa siku hizo. Kuuza kutajadiliwa hapo, kwa daftari. Na kama siku moja utafikia kunyonga wiki nzima, hakikisha gari linatembea angalau nusu saa kila wiki. Kuliwasha dakika tano uani kunakula betri kuliko kunavyoirudishia.

Mwisho ni Jangwani. Bonde la Msimbazi likijaa barabara hufungwa kwa kila mtu, na siku hiyo gari lako pia litakwama kwenye foleni ya njia za mchepuko. Njia yako ya akiba ni kutoka Sinza kwenda Bamaga, kushika barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi Morocco, kisha Daraja la Selander na kuingia Posta. Ipite nayo Jumapili moja kabla ya Machi, uone wapi pana nafasi ya baiskeli na wapi utakokota. Barabara ya Kawawa usiitegemee kama mbadala, maana Mkwajuni nako hujaa. Maji yanayotembea usiyavuke hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Huoni mtaro ulio wazi chini yake. Na ikitokea gurudumu limezama hadi kwenye ekseli, usiilaze baiskeli hivyo wiki nzima. Mpelekee fundi ndani ya siku mbili afungue magurudumu yote mawili, aoshe gololi kwa mafuta ya taa, azikaushe, aweke grisi mpya, na abadilishe zile zilizoanza kuwa na madoa ya kutu. Akikaza, gurudumu lizunguke kwa uhuru bila kucheza pembeni. Lijaribu kwa mkono wako mwenyewe kabla ya kulipa.